Bibi yetu alikuwa nesi mstaafu, tunaandika wasifu wa kusoma kwenye arobaini yake, wauguzi wa zamani nisaidieni

Kitindamimba_wa_Masasi

Wakuu habari za jioni. Bibi yetu mzaa mama katutoka mwezi uliopita, tumempumzisha nyumbani wilaya ya Masasi, na sasa tunajiandaa na misa ya arobaini, kuweka msalaba halafu chakula kwa wageni. Mi nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, eti kwa sababu ndo niliyesoma, na hapo ndo nimekwama.

Ule uliosomwa siku ya mazishi ulikuwa wa haraka haraka tunaoujua wote, marehemu alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akasoma, akaajiriwa, akastaafu, akasumbuliwa na presha na sukari, ameacha watoto na wajukuu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Aliandika mjomba usiku wa msiba, na kwetu Wamakua mjomba akishasema ndo kashasema, hakuna aliyeongeza neno. Ila pale makaburini nilishangaa, kuna wamama watu wazima sisi hatuwajui kabisa wanalia kutuzidi wafiwa, mmoja kaja na bodaboda kutoka upande wa Newala huko, vumbi mpaka kwenye kope, anasema huyu alinipokea mimi na akanipokelea wanangu wote, akatoa rambirambi akaondoka hata chakula hajagusa. Ndo nikaona kuna nusu nzima ya maisha ya huyu bibi sisi hatuna habari nayo. Nyumbani alikuwa haongelei kazi, ukimchokoza anakwambia "ya hospitali yamebaki hospitali" anaendelea kupepeta mchele wake.

Tunachojua ni kwamba alisomea unesi na ukunga hospitali ya misheni huku huku kusini mwanzoni mwa miaka ya 60, baadae akaingia serikalini, akazungushwa zahanati na vituo vya afya mpaka akastaafu mwishoni mwa miaka ya 90. Kwenye sanduku lake la bati, chini ya kanga, tumekuta saa ndogo ya kubandika kifuani ambayo imening'inia kichwa chini, mkasi, kidude cha mbao kama tarumbeta la mtoto, bomba la sindano la kioo kwenye kasha la chuma, na madaftari ya mwandiko wake yana tarehe, herufi za mwanzo za majina, kilo, na pembeni ya baadhi ya mistari kuna alama ya msalaba kwa peni nyekundu.

Sasa naomba kwa wauguzi wastaafu au nyie mliolelewa na manesi, hivi vitu vilikuwa vinatumikaje, wazee wachache waliobaki niwaulize nini, na hayo madaftari tuyafanyeje maana dada yangu anataka yasomwe pale mbele za watu eti ndo ushahidi wa kazi yake.

chuma_cha_reli

Pole sana mkuu, Mungu amlaze mahali pema. Wasifu usizidi dakika tano, watu wanasikia harufu ya pilau pale hawakusikilizi ng'o.

mama_leba_mstaafu

Pole sana mwanangu, pole na familia yote. Mimi nimefanya kazi ya ukunga toka mwaka 74 mpaka nilipostaafu, nimesoma ulichoandika nikamwita mume wangu aje asome na yeye, maana hilo sanduku na mimi ninalo.

Hiyo saa haikubandikwa vibaya. Imening'inizwa vile ili nesi akiinamisha macho aisome ikiwa sawa sawa, mikono yote miwili ibaki huru, mmoja umeshika mkono wa mgonjwa unahesabu mapigo. Ya mkononi tulikuwa haturuhusiwi, inakaa uchafu na inamkwaruza mgonjwa. Matroni akikukuta na saa ya mkono au pete au kucha ndefu utajuta, alikuwa anapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha kuangalia vumbi sembuse kucha.

Hicho cha mbao ni fetoskopu, cha kusikilizia moyo wa mtoto akiwa bado tumboni. Upande mpana unaweka tumboni kwa mama, sikio upande wa pili, halafu mkono unauondoa usikishike, unabana kwa sikio tu ili usisikie mtikisiko wa vidole vyako mwenyewe. Macho kwenye hiyo saa. Mtoto mwenye afya tulifundishwa utausikia moyo wake unaenda 120 mpaka 160 kwa dakika, akishuka chini ya hapo na akakaa huko unajua kuna kazi, na kama uko zahanati ya kijijini usiku na gari hakuna basi hapo ndo utajua mkunga ni nani. Bibi yako alikuwa anasikiliza hivyo wakati hakuna mashine wala umeme, taa ya chemli imeshikwa na ndugu wa mgonjwa ambaye anatetemeka kuliko mgonjwa. Msifikiri ni kidude.

Bomba la kioo tulikuwa tunalichemsha, bomba na sindano zake, dakika ishirini toka maji yameanza kutokota. Sindano ikiwa butu inanolewa kwenye jiwe, ndo maana watu wazima wa leo wakiona nesi bado wanaogopa, walichomwa na butu hao. Glovu zilikuwa zinafuliwa, unazipulizia hewa kama zimetoboka utaona, unaanika, unapaka poda, zinarudi kazini. Zamu ya usiku ukikosa mgonjwa mahututi hukai, unakata gozi unazikunja, unaviringisha pamba, unapanga kwenye madebe ya kwenda kuchemshwa kwa mvuke. Mikono yake ilikuwa haitulii hata alipostaafu? Jibu lipo hapo.

Sasa madaftari. Mwanangu usiyasome hadharani. Nakuomba kama mzazi. Huyo dada yako ana nia nzuri lakini hajui anachokishika. Herufi za majina na tarehe kijijini kwenu ni sawa na jina kamili, kila mtu anajua nani alizaa mwaka gani na nani mume wake alikuwa hayupo mwaka huo. Na hiyo misalaba myekundu mimi sijaiona siwezi kukwambia maana yake, kila mkunga alikuwa na alama zake, inaweza kuwa mtoto aliyezaliwa amekufa, inaweza kuwa mama, inaweza kuwa mtoto alibatizwa hapo hapo leba na mkunga mwenyewe kwa sababu haonekani kama atafika asubuhi, misheni walitufundisha na hilo. Vyovyote vile kuna mtu atakuwa amekaa pale kwenye turubai ambaye huo msalaba ni wake. Bibi yenu kanyamaza miaka yote hiyo mkamsikia anasema ya hospitali yamebaki hospitali, alikuwa anafanya kazi hapo. Tulikula kiapo na mishumaa mkononi.

Kichwa_Maji_TZ

Duh hii ya glovu kufuliwa kumbe ni kweli, nilifikiri mama ananitania. Lakini bi mkubwa swali dogo, kwa nini manesi wa zamani walikuwa wakali hivyo? Bi mkubwa wangu wa kufikia alikuwa nesi mpaka kuoga tulikuwa tunakaguliwa masikio.

mama_leba_mstaafu

Ukali ulikuwa ni dawa, dawa zenyewe zikiwa hazipo. Kuna miaka unafungua kabati la wodi unakuta klorokwini ya malaria, GV ile dawa ya zambarau ya kupaka, na magnesiamu ya tumbo. Kilichobaki ni maji ya moto, sabuni na kelele.

BintiKorogwe

Pole dada au kaka. Bibi yangu mimi alikuwa nesi upande wa Tanga, kafariki kabla ya korona. Kitu kimoja ambacho hakuna aliyekiandika kwenye wasifu wake na nikikumbuka naumia ni namna alivyokuwa anasalimia. Ukiingia anakushika mkono, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu hamjambo huko, haachii, anaendelea kukuuliza shule, mama yako, mvua zimenyesha huko, na macho yake yako kwenye saa ya ukutani. Mi nilikuwa nadhani ndo upendo wa bibi, siku moja nikaja na malaria bado sijasema chochote akasema "moyo unakimbia, panua mdomo nione ulimi". Kumbe kila siku alikuwa anahesabu. Aliendelea hivyo mpaka alipokuwa yeye mwenyewe yuko kitandani, anamshika mkono nesi anayemwekea dripu.

Andika vitu kama hivyo. Vyeo vimeandikwa kwenye faili huko, haviendi popote.

Na usisahau kuuliza kuhusu majira, yaani uzazi wa mpango. Wamama wa rika lake watacheka kwanza halafu watakwambia. Bibi alikuwa anatunza kadi za vidonge vya majira za wanawake wa pale mtaani kwenye droo yake, maana mwanaume akiikuta nyumbani ni vita, kwa hiyo mama anapita "kuomba chumvi" anameza kidonge chake anaondoka. Jirani zetu walidhani bibi ana duka la chumvi.

mtunza_kumbukumbu

Kwa upande wa tarehe sikilizeni, mnahangaika bure kuulizana nani anakumbuka. Tafuteni bahasha ya mafao. Mtumishi wa serikali wa enzi zile alikuwa halipwi kiinua mgongo bila kukusanya barua zote, barua ya kuajiriwa, kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo, uhamisho wa kila kituo, mpaka barua ya kustaafu. Wazee hizo hawazitupi, zipo kwenye mfuko wa nailoni ndani ya mfuko mwingine wa nailoni chini ya godoro. Ukizipata unazipanga kwa tarehe, tayari una safari nzima ya kazi. Tena barua ya uhamisho huwa ina jina la kituo, basi unachukua simu unapiga kwa mtendaji wa kijiji hicho unaulizia bibi au babu anayekumbuka nesi wa miaka hiyo. Mtashangaa. Mwalimu mkuu mnaweza mkamsahau, nesi wa zahanati hasahauliki.

Na yale ya misheni kabla hajaingia serikalini, nendeni ofisi ya dayosisi au hospitali yenyewe, vyuo vya misheni walikuwa wanaweka madaftari ya wanafunzi na picha za mahafali. Nendeni na barua na uvumilivu.

Babu_wa_Nachingwea

Shikamoo ziwafikie wanaostahili. Mimi si nesi, nilikuwa mwalimu, lakini mke wangu marehemu alikuwa nesi na miaka hiyo nipo huko huko kusini, naomba niongeze ili mjukuu asiandike kana kwamba bibi yake alifanyia kazi hewani.

Kusini wakati ule hospitali zilikuwa za misheni kwa sehemu kubwa. UMCA, wale wamisheni wa Kianglikana, walikuwa na Lulindi, Wabenediktini wana Ndanda, Mnero. Dokta Leader Stirling, yule Mwingereza, alifika Lulindi mwaka 1935, akakaa mpaka akahamia Mnero mwaka 1949, na ndiye baadae Mwalimu alimfanya Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Mabinti waliofundishwa kwenye hizo misheni ndio walikuja kuwa uti wa mgongo wa zahanati za vijijini. Fikiria binti wa Kimakua wa miaka kumi na saba, wenzake wameshaolewa, yeye yupo bweni amevaa gauni jeupe anakariri majina ya mifupa. Muulizeni mjomba, yeye au wakubwa zake watakuwa wanajua nani alikubali na nani alikataa bibi asiende chuo, kwenye ukoo wenu hilo halikupita bila kikao.

Baada ya Azimio la Arusha na hasa miaka ya 70 serikali ikasema afya iende vijijini. Mwaka 1973 kukaja kampeni ya Mtu ni Afya. Nyie vijana hamuijui. Kila kijiji kina kikundi, mnakaa chini ya mwembe na redio moja, kipindi kinarushwa, kitabu kipo mkononi, kikiisha mnajadili halafu mnaenda kuchimba vyoo, mnafyeka majani, mnafukia madimbwi ya mbu. Sisi walimu na manesi ndo tulikuwa tunasukumwa mbele. Mke wangu alikuwa anakagua vyoo nyumba kwa nyumba, wazee wakawa wanajificha. Kuna mzee mmoja alichimba choo kizuri sana akakiezeka, akakifanya ghala la ufuta, choo chenyewe anaenda porini kama kawaida. Kama bibi yenu alikuwa zahanati mwaka ule basi alikuwepo kwenye hilo, ulizeni.

Mwaka 1975 mpango wa chanjo wa taifa ukaanza, na kliniki ya mkoba ndo ikapamba moto. Mzani unaning'inizwa kwenye tawi la mkorosho, mtoto anavalishwa kikaptula cha kupimia anapiga mateke analia, anaandikwa kwenye kadi, kijani, kijivu au nyekundu. Chanjo zinakuja na kibebeo cha barafu, na kule zahanati friji ni la mafuta ya taa. Utambi ukizimika usiku chanjo zimeharibika, kwa hiyo mke wangu alikuwa anaamka saa nane kwenda kuangalia moto wa friji, mimi mume namsubiri, friji haliniombi radhi. Gari la wilaya likiharibika, ambalo lilikuwa linaharibika, baiskeli.

Halafu kipindupindu cha 1977 na 78. Halafu vita ya Kagera, uchumi ukaanguka, sabuni hamna, mafuta ya taa hamna, manesi wanafua gauni jeupe kwa majivu ya mpapai na linang'aa. Halafu huo ugonjwa, UKIMWI, waliugundua Kagera 1983, huku kwetu ukafika taratibu na ulipofika watu wakawa wanaogopa hata kumlisha ndugu yao, nesi ndo anamgeuza kitandani, glovu hamna za kutosha. Dawa za kupunguza makali serikali imeanza kuzitoa bure 2004, bibi yenu alikuwa ameshastaafu. Maana yake yeye miaka yake yote ya mwisho kazini aliwauguza watu ambao alijua hana cha kuwapa. Nadhani ndo sababu nyingine hakuwa anasimulia, ila hilo ni wazo langu tu.

chuma_cha_reli

Mzee hii ni wasifu wa taifa sasa hahaha. Ila nimesoma yote.

Mpwa_wa_Mtwara

Mi natofautiana kidogo na mama hapo juu kuhusu daftari. Siri sawa, lakini tukisema kila kitu ni siri ndo hivyo tena wanawake hawa wanazikwa na historia yao, wakati mganga mkuu aliyekuwa anapita mara moja kwa mwezi na Landirova ana jina lake kwenye jengo. Hesabu ya watoto aliowazalisha si siri. Hesabuni mistari, mseme idadi, msitaje herufi. Na daftari lisichomwe tafadhali, maana najua kuna mtu anakuja kushauri lichomwe.

mama_leba_mstaafu

Hapo tumeelewana baba, idadi semeni. Sijasema lichomwe. Likae na mtu mmoja mwenye kifua, si dada mwenye haraka. Na msipige picha kurasa zake mkarusha kwenye grupu la wasap la ukoo, nakuomba sana, huko ndo kutaharibika.

Kitindamimba_wa_Masasi

Aisee wakuu asanteni, mama leba, babu, BintiKorogwe, nimesoma huku nalia na kucheka. Mtunza_kumbukumbu mkuu wewe ni mchawi, barua zimepatikana, nailoni ndani ya nailoni kweli, ila haikuwa chini ya godoro ilikuwa ndani ya mto wa kulalia. Kuna vituo humo hata mama yangu alikuwa havijui, kumbe alishakaa upande wa mpakani karibu na Ruvuma miaka ile wakimbizi wa Msumbiji wanavuka, kabla hawajapata uhuru wao 1975. Shangazi mkubwa, yaani mke wa mjomba, alipoona hiyo barua ndo akafunguka kwamba bibi alikuwa anaongea Kimakonde cha ng'ambo na Kireno cha kuombea maji, alijifunza kwa wagonjwa. Sisi tulidhani yale maneno anatutukana.

Nimempigia yule mama wa bodaboda, namba yake ilikuwa kwenye daftari la rambirambi. Kasema mwanae wa pili alizaliwa njiti, kabla ya miezi, mdogo kiasi kwamba mama mkwe alishaanza kumwambia asimpe jina. Bibi akamzungushia pamba, akajaza maji ya moto kwenye chupa za bia, akazifunga na vitambaa akazipanga pembeni ya mtoto, na kila yakipoa anabadilisha, usiku na mchana, maziwa anamdondoshea kwa tone. Alikuwa anaenda nyumbani kwake kulisha watoto wake anarudi, zamu yake imeisha zamani. Huyo njiti sa hivi ni dereva wa lori la korosho, kasema atakuja na lori lenyewe. Mama yangu alipoisikia hiyo akakumbuka kuna kipindi wakiwa wadogo walikuwa wanagombezwa kwa kuvunja chupa, hawakujua za nini.

Na BintiKorogwe, nimeuliza kuhusu majira. Wamecheka kwanza, kama ulivyosema. Sitaandika walichosema, kuna mababu bado wako hai.

Mjomba bado mgumu. Anasema wasifu una utaratibu wake, kuzaliwa, kubatizwa, kuajiriwa, na hayo ya chupa za bia mbele ya padri anaona hayafai.

Babu_wa_Nachingwea

Mwambie mjomba mimi ni mkubwa kuliko yeye na nimesema yafaa. Kama hataki, wasifu wake ausome kama ulivyo, usimvunjie heshima. Halafu mshereheshaji aite "neno kutoka kwa waliopokelewa na marehemu", asimame yule mama na dereva wake wa lori. Hiyo si wasifu, mjomba hana la kuzuia.

BintiKorogwe

Hahaha babu nimekuvulia kofia. Na wampe maiki kabla ya chakula.

Kitindamimba_wa_Masasi

Babu nimempelekea mjomba ujumbe wako kama ulivyo. Kanyamaza kwanza, halafu kaniuliza huyo mzee wa Nachingwea ni wa ukoo gani, nikamwambia simjui. Kasema neno liwepo ila watu wawili tu, na chupa ziitwe chupa, ya bia isitajwe. Nimekubali, yule mama sidhani kama atakubali. Madaftari kachukua mama, kayafungia, na dada kanuna.

Mama leba naomba kitu cha mwisho, hiyo saa bado inatembea ukiijaza ufunguo, tuliwaza kumpa binamu yetu aliyepo mwaka wa pili chuo cha uuguzi lakini anasema wao wanatumia simu kuhesabia. Tumpe hivyo hivyo au?

mama_leba_mstaafu

Mpeni. Na mwambieni simu ikizima chaji usiku wa manane huko atakakopangiwa, aje aniambie alihesabu na nini.